Kurudi Mbioni Baada ya Ugonjwa Mzito: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Malindi

Maswali haya sisi wa kikundi cha wakimbiaji tunaulizwa alfajiri ufuoni Silversands tukijinyoosha, kwenye benchi la kliniki ya presha, na usiku kwa simu. Wengi wanaouliza walikuwa wakimbiaji wa kilomita 21 au 42 kabla ya moyo, kiharusi, sukari, TB au homa kali kuwalaza. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia kumuuliza vizuri zaidi. Jambo moja utalikuta kila mahali humu: ratiba ya kurudi inapangwa na ugonjwa uliokulaza, si na tarehe ya mashindano.

## Kabla ya kufunga kamba za viatu

1. Nimetoka hospitali. Nitaanza kukimbia lini?

Anayekupa jibu moja hajakuuliza uliugua nini. Aliyepata malaria isiyo kali huenda akarudi kukimbia polepole baada ya wiki mbili hivi, mradi anakula, analala na homa imeisha kabisa. Aliyepata uvimbe wa misuli ya moyo, hata ukiwa umeletwa na homa ya virusi tu, huzuiwa mazoezi mazito kwa miezi 3 hadi 6. Moyo uliovimba unaweza kuvuruga mapigo ghafla ukisukumwa, na mwenyewe akawa anajihisi mzima kabisa. Mwenye damu iliyoganda kwenye mguu au mapafu kwa kawaida hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi 3 au zaidi. Dawa za TB ya kawaida ni za miezi 6.

Kinachowaponza wengi ni kwamba miguu hupona kwanza. Baada ya wiki chache tu miguu inakuambia twende, wakati moyo, mapafu na damu havijafika. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo malaria ikishakula damu yako, kuijenga upya ni kazi ya wiki nyingi hata kama kipimo cha vijidudu kimeshatoka safi. Maelezo ya kila ugonjwa yako kuanzia swali la 8.

2. Niombe vipimo gani?

Kwanza mwambie daktari unataka kufanya nini hasa. Ukisema "nataka mazoezi," atafikiri unataka kutembea hadi sokoni na kurudi, na atakuruhusu. Sema: "Nataka kukimbia kilomita 21 kwenye jua la Malindi." Hapo mazungumzo hubadilika.

Kwa aliyeugua moyo au kiharusi, uliza kuhusu ECG (kipimo cha umeme wa moyo), picha ya moyo ya echo, na kipimo cha kutembea kwenye mashine huku moyo ukifuatiliwa. Hicho cha mwisho ndicho chenye maana zaidi kwa mkimbiaji, kwa sababu moyo unaweza kutulia ukiwa umelala kitandani na kulalamika ukipanda mlima. Huenda ukahitaji rufaa hadi Mombasa. Nenda. Wengine wote waangalie presha, sukari, figo na hemoglobini. Kwa mtu mzima, hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita ya damu kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Kukimbia mbio ndefu na upungufu huo ni kuutesa moyo bure.

3. Dalili gani zinanizuia kabisa siku hiyo?

Homa ya aina yoyote. Maumivu au mbano wa kifua unaokwenda begani, shingoni au tayani. Kuzirai au kukaribia kuzirai. Moyo kudunda ovyo ukiwa umekaa. Pumzi kukatika bila kazi. Shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Dalili hizi hazipimwi kwa kujaribu kilomita moja kwanza. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama limepita lenyewe baada ya dakika tano.

## Wiki za kwanza

4. Nianzeje hasa?

Kwa kutembea, na kutembea huko uhesabu kuwa ni mazoezi kamili. Anza na dakika 10 au 15 kwa siku, ongeza kidogo kila baada ya siku chache, mpaka utembee dakika 40 kwa hatua za haraka bila kuamka umechoka kesho yake. Ukishafika hapo kwa wiki mbili mfululizo, ingiza mbio: nusu dakika kukimbia taratibu, dakika mbili kutembea, mara sita au nane. Siku inayofuata usikimbie.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati, uko sawa. Kikundini huwa tunampa mtu aliyerudi kazi ya kuzungumza. Akinyamaza, wote tunapunguza. Inachekesha watu mwanzoni, lakini imetusaidia kuliko saa yoyote ya mkononi.

Ushauri unaousikia wa kuongeza asilimia 10 kila wiki uchukue kama mpaka wa juu, na si deni unalopaswa kulipa. Kila wiki ya nne punguza, hata kama mwili haujalalamika.

5. Natumia dawa za moyo na saa yangu inasema mapigo hayapandi. Nisukume zaidi?

Hapana. Dawa kama atenolol, bisoprolol na carvedilol kazi yake ni kuzuia mapigo yasipande. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, haikuhusu tena. Ukiifukuza namba hiyo utajikuta unakimbia kwa nguvu zako zote ukidhani unajiandaa taratibu. Tumia kipimo cha sentensi cha swali la 4, au jipe alama kutoka 0 hadi 10 ambapo 10 ni juhudi ya mwisho kabisa: miezi ya mwanzo kaa kwenye 3 na 4. Na usiache kidonge siku ya mbio ndefu ili "mapigo yafunguke". Kuacha dawa hizi ghafla kunaweza kuleta mshtuko wa moyo.

6. Nikimbie wapi, na saa ngapi?

Ufuo wa Silversands kuelekea Casuarina unafaa sana maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu na mpana. Maji yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini, ambao unachosha moyo hata ukienda kwa kasi ndogo, au kwenye mteremko unaolazimisha mguu mmoja kuwa juu ya mwingine. Saa za kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua maji hutoka mbali zaidi kuliko siku za maji mafu. Muulize mvuvi yeyote kabla ya kupanga wiki yako. Ukikimbia mwendo wa nenda-rudi ufuoni, mteremko unajisawazisha wenyewe.

Barabara ya Casuarina ni tambarare na asubuhi na mapema haina magari mengi. Barabara kuu ya kuelekea Gede ina matatu na malori, bega lake ni jembamba. Aliyetoka kwenye kiharusi na bado ana shida ya kuona upande mmoja asiikanyage kabisa.

Walio Lamu wana bahati ya kukosa magari. Kutoka mjini hadi Shela ni kilomita 3 hivi kando ya bahari, na baada ya Shela mchanga unaendelea mbele kwa kilomita nyingi. Tatizo ni kwamba huko mbele hakuna mtu, na ukianguka utabebwa kwa mashua au punda. Usipite Shela peke yako miezi ya kwanza.

Kuhusu saa: toka baada ya sala ya alfajiri na uwe umerudi kabla ya saa mbili. Wakati wa kusi upepo unasaidia, lakini mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, hewa ni nzito na jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Aliyelala ndani mwezi mzima amepoteza pia uzoefu wa joto. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kutoka kidogo kidogo kuupata tena, kwa hiyo wiki mbili za kwanza punguza kasi hata chini ya ulivyopanga. Dawa za kupunguza maji mwilini, zile zinazokupeleka chooni mara kwa mara, huongeza hatari hii. Muulize daktari saa ya kuzinywa.

7. Nikikimbia leo, kesho na keshokutwa nalala kama mgonjwa. Ni uvivu?

Si uvivu. Baada ya homa kali za virusi, Korona ikiwemo, baadhi ya watu hupata uchovu unaokuja siku moja au mbili baada ya kazi, nao hauishi kwa kujikaza, kujikaza huuzidisha. Rudi kwenye kiwango ambacho hakikulazi, hata kama ni dakika tano za kutembea uani, na ukae hapo. Uchovu huo ukiendelea kwa wiki kadhaa, rudi hospitali waangalie damu, tezi ya shingo na moyo.

## Kwa kila ugonjwa

8. Nilipata mshtuko wa moyo na nimewekewa stenti (kijibomba cha kufungua mshipa wa moyo). Je, mbio zimekwisha?

Kwa wengi hazijaisha, lakini mlango wake unafunguliwa na kipimo cha moyo ukiwa unafanya kazi (swali la 2), si na idadi ya wiki ulizopumzika. Kutembea huanza mapema sana, mara nyingi ukiwa bado wodini. Kukimbia ni baada ya kipimo hicho, na mashindano ni baadaye zaidi. Dawa za kuzuia chembe za damu kugandana baada ya stenti mara nyingi hunywewa mbili kwa pamoja hadi mwaka mmoja. Zitakufanya utoke damu zaidi ukijikwaa, na hilo ni sababu ya kuchagua njia isiyo na mawe. Kuziacha bila ruhusa kunaweza kuziba stenti.

Watu hutuuliza kuhusu Christian Eriksen, mchezaji wa mpira wa Denmark. Moyo wake ulisimama uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akapandikizwa kifaa cha kuustua moyo kifuani, na Februari 2022 alikuwa anacheza tena Uingereza na Brentford. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini karibu miaka kumi kabla, tarehe 17 Machi 2012, moyo wa mchezaji mwingine, Fabrice Muamba, ulisimama akiwa uwanjani na klabu ya Bolton, na haukupiga kwa dakika 78. Akapona, na mwaka huo huo akastaafu kwa ushauri wa madaktari. Wote wawili walikuwa vijana na wote walitibiwa na mabingwa. Uamuzi ulitofautiana kwa sababu mioyo yao ilitofautiana, na ndivyo itakavyokuwa kwako na jirani yako.

9. Nilipata kiharusi na upande mmoja bado ni dhaifu. Naweza kurudi?

Wapo waliorudi, na mfano mkubwa ni wa nyumbani. Henry Wanyoike alipata kiharusi mwaka 1995 akiwa kijana wa miaka 20 hivi, kikamwondolea karibu uwezo wake wote wa kuona. Mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Michezo ya Walemavu ya Sydney, akiongozwa kwa kamba na mwenzake.

Jambo la kwanza ni presha. Isipodhibitiwa, kiharusi cha pili kinakusubiri, na mbio za kasi au kunyanyua vitu vizito huipandisha ghafla. Jambo la pili ni mguu. Kikundini tuna mzee ambaye tulijua ncha ya mguu wake haijainuka vizuri kwa sababu tuliisikia: kwenye lami, kila hatua ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo mdogo. Tulipogeuza kiatu, mpira wa mbele ulikuwa umelika hadi kitambaa, na cha kulia kilikuwa karibu kipya. Mtaalamu wa fiziotherapi akampa zoezi la kuinua vidole akiwa amekaa, akamfungia mkanda wa kushikilia kifundo, na akamrudisha kwenye kutembea. Leo anakimbia na kutembea kwa zamu, na sisi bado tunasikiliza: mkwaruzo ukirudi, kwa kawaida baada ya kilomita ya tatu, tunajua amechoka kabla yeye mwenyewe hajajua. Angalia nyayo za viatu vyako kila mwisho wa mwezi.

10. Nina sukari na niliwahi kulazwa. Nichukue tahadhari gani?

Ukitumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenclamide, hatari kubwa ni sukari kushuka, wakati wa kukimbia na hata usiku wake. Pima kabla. Chini ya 5.0 (mmol/L) usitoke, kula kwanza. Juu ya 13.9 ukiwa unajisikia vibaya, una kiu kali au pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha, usikimbie; nenda ukapimwe. Mfukoni beba gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyofungwa kwenye karatasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, lamba, kaa dakika 15, pima tena. Mwenzako ajue karatasi iko mfuko gani.

Miguu ni habari ya pekee. Sukari ya muda mrefu huua hisia za nyayo, na kwetu watu wanapenda kukimbia pekupeku ufuoni. Usifanye hivyo. Kipande cha gamba au mwiba wa shopaza unaweza kukaa siku mbili bila kuuhisi, kisha ukawa kidonda kisichopona. Kung'uta mchanga viatuni kabla na baada, vaa soksi nyeupe ili damu ionekane, na usiku kagua nyayo kwa kioo au mpe mtu akukagulie.

11. Nimetoka kwenye malaria kali, dengue au chikungunya. Kuna tofauti?

Ipo kubwa. Malaria huharibu damu na huweza kuvimbisha bandama. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka ukianguka au kugongwa tumboni, kwa hiyo hakuna kukimbia kwenye msongamano wa watu mpaka ipimwe. Maliza dozi ya siku tatu hata kama umepata nafuu siku ya pili, na zile tembe za malaria za AL (artemether-lumefantrine) zinywe pamoja na chakula chenye mafuta ili ziingie vizuri mwilini. Pale Sydney tulipopataja kwenye swali la 9, mwongozaji wa Wanyoike alikuwa ametoka kuugua malaria. Nguvu zilimwishia mbioni, na ni Wanyoike asiyeona aliyekazana kumvuta hadi kwenye mstari. Huyo alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa kwa mashindano makubwa kabisa.

Dengue hushusha chembe za kugandisha damu. Usimeze aspirini, ibuprofen wala diclofenac. Tumia paracetamol tu. Usikimbie mpaka hesabu ya damu irudi sawa.

Chikungunya huachia viungo maumivu ya wiki hadi miezi. Watu wa Lamu wanalijua hili tangu mlipuko mkubwa wa mwaka 2004. Hapo kuogelea au kutembea ndani ya maji ya kiuno kunafaa kuliko lami.

12. Natumia dawa za TB. Nisubiri miezi yote 6?

Si lazima kukaa kitini miezi yote, ila mashindano yasubiri. Wiki za mwanzo pumzika na uongeze uzito uliopotea. Ukishakuwa kwenye dawa sahihi kwa muda ambao kliniki imesema huambukizi tena, na homa na jasho la usiku vimekoma, anza kutembea kama swali la 4. Mapafu yaliyopata makovu yatakunyima pumzi kwa muda. Hilo si kukosa bidii. Rifampicin hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, nako ni kawaida. Mkojo wa rangi ya kahawa au koka baada ya mbio si wa dawa: ni misuli inayovunjika, na unahitaji hospitali siku hiyo.

13. Nilipata damu iliyoganda mguuni. Je, nisafiri kwenda mbio za mbali?

Ukiruhusiwa kukimbia, la kuogopa ni basi la safari. Kukaa saa nyingi kwenye basi la usiku hadi Nairobi, ukiwa umepungukiwa maji, kunarudisha hatari. Chagua kiti kilicho kando ya njia ya kupita, shuka kila basi linaposimama, chezesha vifundo, na baada ya mbio usipande basi jioni hiyo hiyo. Dawa za kuzuia damu kuganda zinamaanisha kwamba ukipiga kichwa, hata bila jeraha, unaenda hospitali.

14. Nimeambiwa nimebeba nusu ya selimundu. Inanihusu?

Ndiyo, na huku pwani ni wengi, kwa kuwa kubeba vinasaba hivyo humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Wabebaji wengi huishi bila tatizo lolote. Lakini juhudi ya ghafla, joto na upungufu wa maji vikikutana, misuli inaweza kuharibika vibaya, hasa kwa mtu anayerudi baada ya kukaa muda mrefu. Pasha mwili polepole, epuka mbio fupi za kasi mfululizo, na miguu ikianza kuuma na kuishiwa nguvu kwa pamoja, simama. Kupanda nyanda za juu kunaongeza hatari. Tazama swali la 20. Mwenye ugonjwa wenyewe kamili, ambao wengi huuita sikoseli, apange kila kitu na kliniki yake.

## Chakula, dawa na tabia

15. Nile nini?

Chakula cha nyumbani kinatosha, ukipunguza vitatu: chumvi, mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa, na sukari ya chai. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma, mbaazi, kunde, mchicha, ndizi, viazi vitamu. Tui la nazi halikatazwi, ila tui zito kila siku si la mwenye moyo mgonjwa. Mahamri na viazi karai viwe vya Ijumaa.

Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda: kisamvu na mchicha vina vitamini K inayopingana na dawa. Huachi mboga. Unakula kiasi kilekile kila wiki, ili dozi ipangwe kulingana nacho. Na mtajie daktari miti shamba yote, mwarobaini na mlonge ikiwemo.

16. Maji kiasi gani? Na madafu?

Kunywa ukiwa na kiu. Kunywa kupita kiasi kwenye mbio ndefu hushusha chumvi ya damu, na kumeua wakimbiaji waliokuwa wazima. Jipime uzito kabla na baada ya mbio: ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, ulikunywa mno. Mwenye moyo uliodhoofika huenda amepewa kikomo cha maji kwa siku. Kikomo hicho hakiondolewi na mbio.

Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, chumvi kidogo. Kwa mtu mwenye afya hakuna neno. Kwa mwenye figo mbovu, au anayetumia enalapril, losartan au spironolactone, potasiamu inaweza kurundikana na kuvuruga mapigo. Dafu moja baada ya mazoezi muulize daktari. Matatu kwa siku usijaribu.

17. Nimeze diclofenac kabla ya mbio ili goti lisiniume?

Usimeze. Dawa hizo pamoja na joto na upungufu wa maji huumiza figo, na kwa aliyewahi kupata shida ya moyo huongeza hatari ya mshtuko mwingine. Goti linalohitaji dawa ili likimbie bado halijawa tayari kukimbia.

18. Muguka na sigara vinaharibu kweli, au ni mahubiri?

Muguka na miraa hupandisha mapigo na presha, hukausha mwili na huiba usingizi. Ukichanganya na moyo wenye kovu na mbio za alfajiri baada ya baraza la usiku, umejitengenezea mshtuko. Sigara usipunguze, acha. Waulize kliniki wakusaidie. Tunaona vijana wetu wakirudi kwa bidii kubwa asubuhi na kuyabomoa yote jioni, na inatuuma.

19. Ramadhani nifanyeje?

Mwenye ruhusa ya daktari kufunga na kukimbia achague nusu saa nyepesi kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe. Mbio ndefu ziahirishwe hadi Shawwal. Dawa za mara mbili kwa siku zipangwe upya kati ya daku na futari kabla mwezi haujaandama, na si siku ya tatu ya funga. Anayetumia insulini asikimbie akiwa amefunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Hili zungumza na daktari na imamu wako pamoja, kwa sababu kila mmoja peke yake hukujibu nusu.

## Kurudi kwenye mashindano

20. Nijiandikishe lini, na vipi kuhusu mbio za bara?

Jiandikishe ukiwa umeshakimbia theluthi mbili ya umbali huo, kwa mazungumzo, na kuamka kesho yake ukiwa sawa. Usijiandikishe kwanza ili "ikusukume". Kulipa ada kunamfanya mtu kukimbia na homa. Anza na kilomita 5 au 10.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Lewa, hifadhi ya wanyama inayokimbiwa marathoni, karibu mita 1,700. Kwetu ni sifuri. Hewa ya huko ina oksijeni kidogo zaidi kwa kila pumzi, na moyo hulipia tofauti hiyo. Ukitoka Malindi, punguza kasi tangu kilomita ya kwanza, na mwambie daktari mahali pa mbio kwa jina.

21. Mume wangu hataki kunisikia. Anasema ameshapona na anatoka peke yake gizani.

Dada yangu, ukimkataza mbio atazifanya kwa siri, na siri ndiyo hatari. Mwambie aende na mwenzake, abebe simu na kikaratasi chenye jina lake, ugonjwa na dawa zake, na nenda naye kliniki siku ya majibu. Mwanamume anayesema "daktari kaniruhusu" mara nyingi aliuliza swali tofauti na lile la 2. Akifanya hayo, basi mwache akimbie. Kwa waliokuwa wakimbiaji, kukaa ndani nako ni ugonjwa.

22. Mwenzetu akianguka tufanye nini?

Haamki na hapumui sawasawa: huo ni moyo. Kukoroma au kutweta kwa vipindi si kupumua. Mmoja apige 999 au 112 na kusimamisha tuktuk, mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana kila dakika mbili. Msingoje ambulensi ndipo muanze. Mashine ya kustua moyo ikiwepo hotelini karibu, kimbilieni.

Akiwa anapumua, mwili unawaka moto na anaongea ovyo, hilo ni pigo la joto. Mpozeni hapo hapo kwanza kwa maji mengi na kivuli, mzamisheni hadi shingoni mkiwa na pipa au bwawa huku mtu akimshika kichwa, ndipo mumpeleke. Asinyweshwe kitu akiwa amechanganyikiwa.

23. Daktari amesema nisishindane tena maisha yangu yote. Nifanye nini?

Tafuta daktari wa pili wa moyo ukibeba vipimo vyote, si maelezo ya mdomo. Wakikubaliana, muulize kila mmoja jambo lile lile: kiwango gani cha juhudi ni salama? Karibu kila mara jibu lina kitu ndani yake: kutembea dakika 30 siku nyingi za wiki, baiskeli kwenye tambarare, kuogelea mahali pasipozidi kifua ukiwa na mtu. Aliye na kifafa baada ya kiharusi asiogelee peke yake hata kwenye maji ya goti.

Na kikundi kinakuhitaji. Anayejua saa za kupwa, anayekagua nyayo za viatu vya wengine, anayesimama na maji kwenye kona ya Casuarina na kumwambia mtu "leo rudi nyumbani" na akasikilizwa: huyo kwa kawaida ni mtu aliyewahi kuangushwa. Tunakutana alfajiri pale Silversands, na huhitaji viatu vya mbio kuja.